Ndoano Namba Nne

Wening alirudi kutoka kliniki Jumamosi adhuhuri, karatasi ya hospitali ameikunja mara nne na kuitia ndani ya kibweta cha miwani ili isilowe. Hakuvua hata jaketi.

"Nimepata," alisema. "Jumatano hii. Na ni Daktari Listyo mwenyewe."

Mumewe, Pramono, alikuwa amechuchumaa uani akisugua mnyororo wa pikipiki kwa mswaki wa zamani. Aliinua uso. "Jumatano hii hii? Si walisema mwezi wa tisa?"

"Kuna mtu kajitoa kwenye foleni."

"Kufa kufaana."

"Hajafa mtu, Mas," alisema, kama wake wa Java wanavyowaita waume zao. "Kaogopa tu, karudi kwao."

Miaka kumi na moja Wening alikuwa akiumwa tumbo kila mwezi, na miaka kumi na moja watu walikuwa wakimwambia ameingiwa na upepo. Sisi huku Madiun, kisiwani Java, upepo tunausingizia kila kitu, kuanzia mafua hadi ndoa mbaya. Alikwanguliwa mgongo kwa sarafu mpaka ukawa na michirizi myekundu, akanyweshwa manjano na ukwaju. Mkunga akamwambia aolewe, yatapoa. Akaolewa. Akaambiwa azae, yatapoa, na mtoto hakuja. Ni Daktari Listyo, anayekuja kwa treni kutoka Surabaya mara mbili kwa mwezi, aliyemwachia azungumze mpaka mwisho, kisha akamwambia jina la ugonjwa: endometriosi. Nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje ya mfuko, ikagandisha ovari ya kushoto kwenye utumbo, na kila mwezi ilivuja damu isiyokuwa na pa kutokea. Siku hiyo Wening alilia kliniki, lakini kwa furaha, kwa sababu mtu alikuwa amemwamini.

Sasa alimfuata mama yake jikoni, akamwonyesha kwa kidole juu ya blauzi. "Matundu matatu tu, Bu. Hapa, hapa, na hapa kitovuni. Wanaingiza kamera, halafu ile ndoano ya umeme, wanakata huku wanachoma, taratibu. Siku ya tatu niko nyumbani." Akangoja. "Mbona umenyamaza?"

Bu Kasiyati alikuwa akikata maharage marefu. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ubao.

"Sijanyamaza. Nafikiria kama Jumatano niko zamu."

"Si ndiyo vizuri ukiwa zamu? Vyombo vyangu utaviandaa wewe. Nimwamini nani mwingine?"

Kisu kikaanza tena, polepole. Miaka ishirini na sita Bu Kasiyati alikuwa amefanya kazi katika chumba cha kutakasa vifaa cha hospitali hiyo hiyo. Kila mkasi, kila koleo, kila kitu kilichoingia tumboni mwa mtu kilipita mikononi mwake kwanza. Ilikuwa imebaki miezi minane astaafu.

"Hukumuuliza daktari kuhusu vifaa?" alisema.

"Nimuulize nini?"

"Kama ni vipya."

Wening akacheka, akiwa ameshika kiuno. "We Bu nawe. Nimkague daktari bingwa kama nanunua sufuria?"

*

Tuna neno moja sisi watu wa Java, eman. Ni ule uchungu wa kutupa kitu ambacho bado kina kazi. Wali uliolala unaanikwa juani, unakaangwa, unaliwa. Mfuko wa plastiki unaoshwa na kuning'inizwa kwenye kamba pamoja na nguo. Na neno hilo hilo tunalitumia kwa watoto wetu: mtu humwonea eman mwanawe, asimtume mbali, asimwache apigwe na jua. Silionei aibu neno hili, limetulea wengi. Ila kwa Bu Kasiyati lilikuwa limeingia mahali lisipotakiwa kuingia.

Ndoano za umeme zilikuja kutoka kiwandani kila moja ndani ya pakiti yake, na juu ya pakiti pana mchoro wa namba mbili iliyokatwa mstari. Maana yake haihitaji shule: usitumie mara ya pili. Lakini hospitali ilizitumia mara ya pili, na ya kumi, na ya ishirini. Zilioshwa, zikapigwa brashi, zikaingizwa kwenye kabati la gesi ya kuua vijidudu, zikarudi kazini. Zilichongwa namba ili zisichanganyike. Na kitu kikubwa katika ndoano hiyo si ncha yake bali gamba la plastiki linalovalishwa shina lote, maana umeme ukivujia njiani unaunguza nyama ambayo daktari haioni kwenye kamera.

Mwaka uliopita gamba la namba nne lilipata mkwaruzo karibu na ncha, wa urefu wa punje ya mchele. Pak Gunarto, mkuu wa chumba, alikuwa tayari kuifuta kwenye daftari. "Pak, eman," Bu Kasiyati alimwambia. "Nipe siku moja." Marehemu mumewe alikuwa fundi redio, na kwake alijifunza kuna mpira mwembamba ambao ukipashwa moto hunywea na kukumbatia waya. Alinunua nusu mita dukani, akaukata, akaupasha kwa mashine ya kukaushia nywele. Ukakaa kama ulizaliwa pale. Waliijaribu, ikawaka vizuri, Pak Gunarto akaandika ripoti nzuri, na mwisho wa mwaka Bu Kasiyati aliitwa mbele ya wafanyakazi wote akapewa cheti cha Mfanyakazi wa Mfano na jiko la umeme la wali.

Mwezi wa nne mwaka huu, mama mmoja aliyepasuliwa kwa matundu alirudi siku ya tano na homa, tumbo gumu kama ubao. Walipomfungua walikuta utumbo una tundu, kingo zake zimeungua. Alipona, lakini alitoka hospitali na mfuko wa choo umebandikwa ubavuni. Madaktari walisema ni hatari inayojulikana, na karatasi alishaisaini. Wiki hiyo hiyo Bu Kasiyati alikaa na lenzi chini ya taa ya meza yake, akaigeuza namba nne, na chini kidogo ya ukingo wa ule mpira wake akaona ufa mwembamba kama unywele. Hakumwambia mtu. Namba nne ikaendelea na kazi.

Sasa ilikuwa Jumatatu asubuhi, na alikuwa amesimama mbele ya meza ya Pak Gunarto akifuta mikono ambayo tayari ilikuwa mikavu.

"Pak, naomba namba nne tuitoe."

"Kwa nini? Si kazi ya mikono yako ile?"

"Imechoka."

"Hata mimi nimechoka, Bu Kas, na bado nakuja kazini." Alikuwa mtu wa utani, na hakuwa mtu mbaya. Alikula tambi zake huku anasoma simu.

"Tununue moja mpya."

"Kwa hela ipi? Bima ya taifa inalipa operesheni nzima kwa kifurushi kimoja. Humo humo uzi, humo humo dawa, humo humo mshahara wako na wangu. Ndoano moja mpya inakula kifurushi chote, daktari tumlipe karanga?"

"Basi ile mashine ya kupimia gamba. Tuliahidiwa."

"Tuliahidiwa." Aliweka uma chini. "Ina kasoro gani hasa?"

Bu Kasiyati akaendelea kufuta mikono.

"Kama ina kasoro, andika. Nakupa fomu sasa hivi. Lakini utaandika yote, eh? Nani aliiziba, lini, kwa mpira wa duka gani." Aliangalia mlango, akashusha sauti, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Bu Kas, miezi minane. Minane tu. Ukae nyumbani ulee mjukuu."

"Sina mjukuu, Pak. Ndiyo maana mwanangu anapasuliwa."

Pak Gunarto alishika tena uma wake. Halafu akafanya kile ambacho mtu mwema wa ofisi hufanya akibanwa. "Jumatano kuna seti mbili," alisema, akirudia tambi zake. "Lebo unaandika wewe. Mimi lebo siangalii."

*

Seti mbili, wagonjwa wawili; ndoano nyingine zote zilikuwa zimeshafutwa. Seti moja ilikuwa na ndoano namba sita, iliyofika mwezi wa pili, gamba lake zima bila hata mkwaruzo. Nyingine ilikuwa na namba nne. Kabati la gesi huchukua karibu siku nzima, kwa hiyo namba sita isingeweza kuhudumia watu wawili kwa siku moja. Jumanne saa tano Bu Kasiyati aliandika lebo. Kwenye seti ya namba sita aliandika WENING. Kwenye ile nyingine aliandika jina la mgonjwa wa pili, SUPRAPTI, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Alijiambia kwamba huenda isitokee chochote, kwamba wengi wamepita salama, na kwamba mama yeyote angefanya vivyo hivyo. La mwisho hilo nadhani ni kweli.

Zamu ilipoisha saa nane alipanda wodini. Wening alikuwa kitanda cha sita, Pramono amekaa kwenye kiti cha plastiki na sare yake ya karakana ya mabehewa, ambako kazi yake ni kuchomelea vyuma. Kitanda cha saba alikuwepo mwanamke mnene kiasi, wa miaka kama thelathini na mitano, akigawa chipsi za tempe, soya iliyochachushwa, kutoka kwenye mfuko mkubwa ingawa mwenyewe alikuwa ameshakatazwa kula.

"Kula, Bu, kula," alimwambia Bu Kasiyati kabla hata ya salamu. "Nakaanga mwenyewe, Ngawi kote wananijua. Nisipogawa nitakula mimi, halafu nesi atanila mimi." Bu Kasiyati akachukua moja, akala.

"Huyu ni Mbak Suprapti," alisema Wening. "Yeye ni baada yangu kesho. Mumewe yuko Kalimantan, kwenye mashamba ya michikichi. Kaja peke yake na basi, Bu, fikiria."

"Nani anisindikize? Mbuzi?" Suprapti akacheka. Halafu akamsogelea Bu Kasiyati, akashusha sauti. "Ibu, nasikia we ni wa hapa hapa. Niambie ukweli. Huyu daktari mkono wake vipi?"

"Mkono wake mzuri."

"Na hivyo vyombo? Maana nilisikia jirani yangu mmoja..."

"Usiwe na wasiwasi," alisema Bu Kasiyati. "Vyote vinapita kwangu."

Suprapti akashusha pumzi, akamshika mkono akaupeleka kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wazee. Bu Kasiyati akauacha mkono wake pale. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, na hakuwa na pa kuuweka uso.

Suprapti alipoitwa kwenda kupimwa damu, Bu Kasiyati alivuta pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwambia binti yake yote. Yaani karibu yote. Alimwambia kuhusu mkwaruzo, mpira, ufa, na yule mama wa mwezi wa nne. Alizungumza haraka, kwa sababu alikuwa na habari njema ya kumalizia.

"Lakini we usiogope, Nduk, binti yangu. Yako ni namba sita. Nimeipanga mwenyewe. Jina lako liko juu."

Pramono alikuwa ameshaelewa kabla hajamaliza. Kazini kwake anajua maana ya gamba lililopasuka. "Umeme hauna adabu," alisema polepole. "Ukiona upenyo unapita." Akajifuta uso kwa kiganja. "Asante, Bu. Mungu akulipe."

Wening hakusema asante. Alikuwa akitazama pazia.

"Na namba nne?" aliuliza. "Kapewa nani?"

"Nduk..."

"Kapewa nani, Bu?"

"Si lazima itokee kitu. Wengi wamepita..."

"Kala chipsi zake huyu," Wening alimwambia mumewe, kana kwamba mama yake hayupo. "Salamu yake umeona alivyoipokea? Halafu kala chipsi zake."

"Ning, punguza sauti," alisema Pramono. "Sikiliza. Mwezi uliopita nilikukuta bafuni umelala sakafuni, mdomo umeuma taulo. Umesahau? Mimi sijasahau. Tukisema, watafuta operesheni zote mbili. Foleni mpaka mwakani. Na mama yako atafukuzwa bila hata kikombe cha chai."

"Kwa hiyo tunyamaze."

"Sisemi ni vizuri. Nasema chukua."

"Nilikuonea eman, mwanangu," alisema Bu Kasiyati. "Kosa langu ni hilo?"

"Na yule hana wa kumwonea eman, ndiyo apewe kibovu? Kwa sababu mumewe yuko Kalimantan?" Wening alijaribu kukaa, maumivu yakamrudisha kwenye mto. Alingoja yapite, macho ameyafumba, na wote wawili wakangoja naye kama walivyozoea. Alipoyafumbua alizungumza kwa sauti ndogo. "Kesho asubuhi, kabla hawajanipa nusukaputi, mwambie Daktari Listyo. We mwenyewe, kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Utaikosa operesheni."

"Najua."

"Hujui utangoja hadi lini."

"Bu, nani anajua kungoja kunishinda mimi?"

Nje ya pazia kandambili zilisikika zikirudi, na Suprapti akiuliza kwa sauti kubwa nani kamalizia chipsi.

*

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi, Daktari Listyo alikuwa akinawa mikono kwenye sinki refu nje ya chumba cha upasuaji, povu mpaka viwikoni. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi za pembeni, na macho ya mtu aliyepanda treni ya alfajiri. Hatua chache kutoka kwake Wening alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani, sindano ya maji mkononi, nesi pembeni yake akijaza fomu.

Bu Kasiyati alitokea mwisho wa korido amebeba trei iliyofunikwa kitambaa. Watu wa chumba cha kutakasa hawaingii huku. Vifaa vyao hupita dirishani. Pak Gunarto alikuwa nyuma yake, anatembea haraka bila kukimbia.

"Bu Kas. Bu Kas, tuzungumze ofisini."

Hakugeuka. Aliiweka trei kwenye meza karibu na sinki, akafunua.

"Dok, samahani," alisema. "Naomba dakika moja."

"Mgonjwa wangu anangoja, Bu."

"Ni mwanangu huyo mgonjwa."

Daktari akaacha kunawa. Bu Kasiyati alichukua kisu kidogo cha kufungulia pakiti, akakipitisha kwenye shina la ndoano namba nne, ule mpira mweusi ukafunguka na kuachia kama ganda. Akamwelekezea chini ya taa, akampa lenzi. Daktari hakuihitaji. Ufa ulikuwa umeongezeka, sasa ungeonekana na mtu yeyote mwenye macho.

"Hii iko kazini?"

"Ndiyo, Dok."

"Hii nimeishika mimi?"

"Ndiyo."

"Mwezi wa nne?" Sauti yake ilikauka. "Yule mama wa utumbo?"

"Ndiyo, Dok. Ilikuwa hii."

Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye sinki. Pak Gunarto akayafunga. "Dok, hili ni suala la ndani ya kitengo," alisema, "nitaandika ripoti..."

"Ufa huu uliuona lini?" Daktari alimuuliza Bu Kasiyati.

"Wiki ile ile yule mama aliporudi."

"Ukafanya nini?"

Sehemu hii ndiyo aliyoiruka jana nyuma ya pazia. Alitazama trei. Alijua Wening yuko hatua nne kutoka hapo na kwamba korido ya vigae haifichi neno.

"Nilitoa mpira wa zamani," alisema. "Nikavalisha mwingine. Mrefu zaidi, ufunike na ufa."

"Uliuona ufa, ukajua mgonjwa kaungua, ukauziba tena."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuitupa? Nisaidie nielewe. Ungeitupa tu kwenye pipa, nani angejua?"

Midomo yake ilitafuta jibu jingine, na alikuwa amelitafuta usiku kucha. Lilikuwepo moja tu.

"Eman, Dok," alisema.

Nesi aliacha kuandika. Daktari Listyo ni mtu wa hapa hapa Java, bibi yake naye bila shaka alianika wali juani, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia. Alifumba macho kidogo.

"Tangu uizibe mara ya pili, imetumika kwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Wanajulikana?"

"Mimi najua tarehe na namba ya seti. Majina sijui, Dok. Majina yako kwenye daftari la huku."

Daktari akachukua lebo mbili zilizokuwa juu ya trei. Akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akatazama mwandiko, kisha akamtazama Bu Kasiyati. Alizirudisha kifudifudi.

"Hii namba nne inakaa na mimi," alimwambia Pak Gunarto. "Na kabla ya saa sita nataka majina kumi na moja na simu zao. Waitwe wote, waangaliwe. Baada ya leo simpasui mtu hapa mpaka nione pakiti ikifunguliwa mbele yangu." Kisha akaenda kwenye kitanda cha magurudumu, mikono yake yenye maji ameiinua mbele ya kifua, akainama.

"Mbak Wening, umesikia."

"Nimesikia, Dok."

"Nina seti moja salama. Wagonjwa wawili. Mwenzako mrija wake wa mkojo umebanwa, figo imeanza kuvimba. Nikimrudisha nyumbani naweza kuipoteza figo. Wewe unaumwa sana, lakini unaweza kungoja. Sipendi kukuambia hivi."

"Hadi lini?"

"Sijui," alisema daktari. "Ningekudanganya nikikupa tarehe."

Wening alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yakimtoka pembeni na kuingia masikioni, na kwa ile sindano mkononi hakuweza kujifuta vizuri. Bu Kasiyati alipiga hatua kumfuta. Pak Gunarto akamzuia, si kwa nguvu.

"Kitambulisho chako, Bu Kas," alisema. Alipokipokea akaangalia chini, na kwa kweli naye alikuwa anaona haya. "Na viatu. Hivyo ni vya kitengo."

Bu Kasiyati akavua viatu vya mpira vyeupe palepale, akavipanga ukutani sambamba, akashuka ngazi miguu mitupu mbele ya foleni ya watu waliokuja kuona jamaa zao.

*

Suprapti aliamka saa nane na nusu akaomba maji. Nesi mmoja alimpigia Pramono kumwambia, kwa sababu Wening alikuwa ameomba aambiwe. Figo ilikuwa imeokolewa, na mgonjwa alikuwa anauliza kwa nini jirani wa kitanda cha sita karudi nyumbani bila kuaga.

Wakati huo wote watatu walikuwa nyumbani. Pramono alimlaza mkewe, akarudi karakana kuomba radhi kwa zamu aliyoikosa. Bu Kasiyati alifua nguo zilizokuwa safi, akafagia ua uliokuwa umefagiliwa. Hospitali ilimtaka kesho saa tatu aje kuandika maelezo, na walishamwambia aje na mtu wa familia. Hakujua atakwenda na nani.

Saa kumi alasiri alisikia sauti anayoijua chumbani, ile ya pumzi inayobanwa ili isiwe kilio. Alichemsha maji, akajaza chupa, akaizungushia taulo. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Wening alikuwa amejikunja ubavu, uso ukutani, blauzi imelowa jasho mgongoni.

"Nduk," alisema Bu Kasiyati mlangoni. "Nikukande?"

Kijava kina ngazi. Kuna cha chini, cha nyumbani, cha kutaniana na kugombana na kuombana chumvi, na kuna cha juu, cha wakwe, cha wakubwa wa ofisi na wageni ambao hujui kwao. Nyumba nyingi hufundisha watoto kuwasemesha wazazi kwa kile cha juu. Nyumba hii haikufanya hivyo. Marehemu baba yake, yule fundi redio, alisema hataki binti amwogope, na tangu Wening ajue kuita mama hakuwahi kumsemesha Bu Kasiyati kwa lugha nyingine ila ile ya jikoni, hata siku alipoolewa mbele ya watu.

Aligeuza kichwa, akatabasamu kwa adabu.

"Nashukuru sana, Mama," alisema kwa Kijava cha juu, kila neno mahali pake. "Naomba Mama asijisumbue. Tafadhali Mama akapumzike."

Bu Kasiyati alisimama na chupa yake mkononi. Alikitafuta Kijava cha jikoni, kile cha kumwambia mtoto acha ujinga, sogea, lete tumbo hapa. Hakikuja. Mtu akikusemesha kwa lugha ile, adabu yetu inataka umjibu kwa lugha ile ile, na alikuwa amelelewa vizuri. Aliweka chupa juu ya kiti, karibu na mlango, mahali ambapo mkono wa mgonjwa usingefika bila mwenyewe kutaka kuinuka.

"Vyema," alijibu kwa Kijava cha juu. "Basi naomba ruhusa niondoke."

Wening akainamisha kichwa kumruhusu, na mama yake akarudisha mlango taratibu.